Nguo za Watu Kwanza

Wako watu wanaomkumbuka mtu kwa sura, wengine kwa sauti, wengine kwa ugomvi. Mama Kola alimkumbuka mtu kwa kola. Ukimtajia jirani aliyehama mtaa zamani, angefikiri kidogo kisha aseme, "Yule wa kola iliyolika upande wa kushoto? Yule alikuwa na mazoea ya kuegemeza shingo mkononi." Na kweli, ukikumbuka vizuri, alikuwa nayo. Jina hilo alipewa na wateja, akalipokea, na hata mama yake mzazi alipokuja kumtembelea aliuliza njia kwa jina hilo.

Alikuwa dobi. Kazi yenyewe aliikuta kwa mumewe, na mumewe aliikuta kwa mama yake. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko wa chini wa mtaa, chumba cha mbele ndicho duka: meza ndefu ya kupigia pasi katikati, rafu za mbao kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya mlango ubao ulioandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zikipanda na kushuka, NGUO YA MTU HAIPOTEI. Mumewe ndiye aliyewasha mkaa na kushika pasi nzito. Yeye alifua, na kola zote zilipita mikononi mwake. Binti yao, aliyemaliza shule mwaka uliopita, alikunja na kufunga. Na mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akitia alama.

Alama zenyewe zilikuwa vijishono vya uzi ndani ya kola, au ndani ya kiuno kama nguo haina kola. Huyu mishono miwili iliyokatana, yule mitatu iliyolala, mwingine mmoja mrefu na mmoja mfupi. Hazikuandikwa popote. Macho ya Bibi yalikuwa yamepungua nuru, lakini mpe nguo yoyote aipapase shingoni, atakutajia mwenyewe kabla hujamaliza kukaa.

Nguo za nyumbani hazikuwa na alama. "Isiyo na alama ni ya kwetu," alisema Bibi, na sheria ikaishia hapo. Sheria ya pili ilikuwa nguo za watu kwanza. Za kwao zilinyooshwa kwa mkaa wa mwisho, na mara nyingi mkaa wa mwisho ulizimika zamu yao haijafika. Wenye midomo walikuwa wakimwona mume wa Mama Kola barabarani na shati lake lenye makunyanzi, wakacheka na kusema kinyozi hajinyoi. Mama Kola hakuona haya hata kidogo. Aliyataka makunyanzi yale yaonekane, maana yalisema nani anatangulizwa katika nyumba ile.

Kitu kimoja tu alijipendelea. Mwaka ule alikwenda kwa fundi cherehani akapimwa mabega, kifua na kiuno, akashonewa gauni la zambarau lenye kola ndogo. Tangu utoto wake alikuwa akivaa vilivyoachwa na dada, na wifi, na wateja waliohama. Gauni hilo lilikuwa la kwanza kukatwa kwa ajili ya mwili wake. Alilivaa mara moja, akalifua, akaliweka mwisho wa meza lisubiri zamu.

Siku maji yalipokuja, mtaani hapakunyesha hata tone. Ndiyo maana hakuna aliyeamini. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na kile kijito cha nyuma ya soko, ambacho watoto walikivuka kwa kuruka, kilishuka jioni kikiwa kimebeba mabati, miti na banda zima la kuku. Watu walikimbilia shule iliyo juu ya mteremko. Mama Kola alimshika Bibi, binti akashika pasi moja na sufuria, na wakati wamefika nusu ya njia mumewe akasimama.

"Nguo za watu," akasema, akarudi.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, na mwenye kupenda sifa kiasi chake. Aliingia maji yakiwa kiunoni na mwanga ukiwa umekwisha chumbani. Mezani palikuwa na mafurushi mawili, yote yamefungwa kwa shuka jeupe. Akalipapasa lililo kubwa, akalitwika kichwani, akatoka nalo akishika ukuta. Pale shuleni watu walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba mgonjwa. Hakulala, alilikalia furushi lile mpaka kukapambazuka.

Asubuhi akaliweka juu ya dawati mbele ya majirani. "Nani alileta nguo kwangu wiki hii?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Watu wakasogea. Akafungua fundo.

Likatoka blanketi kuukuu la kupigia pasi, lenye alama za kuungua. Likafuata la pili. Yakafuata matambara ya kupangusia pasi, na vipande vya shuka vya kuwekea juu ya nguo laini. Kisha mama muuza mkaa, ambaye usiku ule mkaa wake wote ulikuwa umekwenda na maji, akasema taratibu, "Shemeji, hongera. Umeokoa matambara."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na wengine walikuwa wanalia tangu mwanzo. Mume wa Mama Kola alibaki ameshika ncha za shuka. Akaendelea kutoa tambara moja moja kana kwamba ana miadi nalo, na katikati ya yote likatokea gauni la zambarau, lililofungwa humo likingoja zamu, kavu, halina hata doa.

"Na hili je?" akasema, akiliinua. "Mnadhani sikujua ninachobeba?"

Hakujua. Mama Kola, aliyekaa naye miaka yote hiyo, aliona wazi kwamba hakujua, na akampenda kwa uongo ule kuliko alivyowahi kumpenda kwa ukweli.

Waliporudi nyumbani tope lilikuwa limefika dirishani. Rafu zilikuwa zimelala kifudifudi, mlango wa nyuma haupo, na kupitia pale ulipokuwa mlango mtu aliweza kuona njia ambayo maji yalitokea yakiwa na nguo za mtaa mzima. Ubao wa juu ya mlango ulikuwa mahali pake. Maji yalipanda yakaishia chini kidogo ya herufi. Binti aliusoma, akamtazama mama yake.

Mumewe ndiye aliyesema. "Mafuriko ni kazi ya Mungu, mke wangu. Nani atatudai?"

"Mungu hakupokea nguo," akajibu Mama Kola. "Nilipokea mimi."

Akapandisha kanga kiunoni, akachukua koleo.

Nguo zilizobaki chumbani walizichimbua kama viazi. Mtu asiyejua kazi angezitia majini papo hapo, lakini tope ukiliharakisha linaingia ndani ya uzi lisitoke tena. Walizianika zikakauka na uchafu wake, wakazikung'uta mpaka vumbi likawageuza wote rangi moja, wakazisuuza kwa maji baridi kwenye bomba la shuleni, kisha ndipo sabuni. Uzio wa shule ukajaa mashati. Bibi alikaa chini ya mashati hayo na kiti chake, binti akimpelekea kola moja baada ya nyingine.

"Fundi baiskeli," alisema Bibi akipapasa. "Hii ya mama wa duka la dawa. Hii... hii haina kitu. Ya kwetu. Weka kando, itasubiri."

Wateja walianza kufika, wengine bila viatu. Wengi walikuja kusema yaishe. Fundi baiskeli, mtu wa watu, alimshika Mama Kola mkono akamwambia asijisumbue, amemsamehe kabisa.

"Sikukuuliza kama unasamehe," alisema Mama Kola. "Nimekuuliza kama unaitaka Jumatatu au Jumanne."

Hapo ndipo matambara yalipolipa fadhila. Pasi zilipatikana chini ya tope zikasuguliwa, maana chuma hakifi maji. Meza ilivimba lakini ilisimama. Ila huwezi kupiga pasi juu ya mbao tupu, na mtaa mzima haukuwa na blanketi kavu hata moja isipokuwa yale mawili yenye alama za kuungua. Duka lao likawa la kwanza kufunguliwa. Madirisha mengine yakiwa bado yamezibwa na tope, moshi wa pasi ulitoka kwao, na waliopita walisimama kidogo mlangoni wasiwe na cha kununua wala kuuza, wakinusa tu harufu ya nguo iliyonyooka. Mume wa Mama Kola aliwaonyesha lile blanketi. "Waliocheka wako wapi?" alikuwa akisema, na waliocheka walikuwa pale pale, wanacheka tena.

Lakini nguo nyingi hazikuwa chumbani. Zilikwenda na maji, na Mama Kola akazifuata. Alishuka na binti yake kando ya kijito, wakazichomoa kwenye vichaka, kwenye nguzo za daraja, kwenye senyenge za mashamba. Zile zilizokuwa kwenye vichaka zilikuwa rahisi. Ngumu zilikuwa zile zilizokuwa zinatembea.

Maana huko chini maji yaliwakuta watu vilevile, tena kwa nguvu zaidi. Mtu aliyebaki na kaptula peke yake akiona shati limening'inia kwenye mti, atafanya nini kama si kulivaa? Mama Kola alikutana na mzee mmoja, mchoma matofali, amevaa shati jingine la fundi baiskeli, ambalo kola yake yeye mwenyewe ndiye aliyeifua. Alilitambua kabla hajaona uso wa mzee. Akamsalimia, wakaulizana habari za maji, kisha akamwomba radhi, akageuza kola. Mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Baba, shati hili lina mwenyewe," akasema. "Na wewe huna shati. Sasa tufanyeje?"

"Mwanangu, mimi sijui," akasema mzee. Wala hakuudhika, alikuwa amechoka tu.

Kesho yake Mama Kola alirudi na shati la mumewe, limefuliwa na kunyooshwa. Wakabadilishana. Kwa namna hiyo akaleta suruali ya karani wa ghala kwa suruali ya mumewe, na sketi ya mama wa duka la dawa kwa sketi ya binti, na sweta kwa sweta la Bibi. Kila usiku kabati lao lilizidi kuwa jepesi na rafu za duka zilizidi kujaa.

Binti alinuna. "Mama, watu wenyewe wamesamehe. Sisi tutavaa nini?"

"Hiyo uliyovaa."

"Mchuma janga hula na wa kwao," akaguna mumewe kutoka kwenye pasi. Kisha akaona mkewe anamtazama kiunoni. "Mke wangu, suruali hii usiitazame hivyo. Ndiyo ya mwisho. Hii ikienda, nami naenda nayo."

Hatimaye ikabaki nguo moja. Ikawa, kwa bahati mbaya, ya Mwalimu Hesabu.

Huyu alikuwa mjane aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu nusu ya mtaa, na nusu ile bado ilimwogopa. Gauni lake lilikuwa la buluu, na vifungo vyeupe vya mbele kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno. Alilivaa siku ya kuagwa kazini, na tangu hapo alilivaa kila alipotaka watu wakumbuke yeye ni nani. Alipolileta dukani alihesabu vifungo kwa sauti mbele ya Mama Kola. Alipolichukua alivihesabu tena. Hakuna mwaka ambao vilipungua, na hakuna mwaka alioacha kuhesabu.

Sasa alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni chini ya ule ubao. "Bado?"

"Bado, mwalimu."

"Nimewahi kumngoja mtoto mwaka mzima ajue kugawanya. Nitangoja." Halafu aliondoka. Angetukana, Mama Kola angelala vizuri. Ule utulivu ndio uliomwondolea usingizi, maana mwanamke yule alikuwa anauamini ubao.

Habari ililetwa na mchoma matofali. Alikuja dukani makusudi, na shati lake la kubadilishana, akasema kwenye mahema ya uwanja wa mpira yuko mama mmoja kijana amevaa gauni la buluu, vifungo vyeupe mbele. Mama Kola alifunga mkanda akaenda siku ileile. Alikuta mahema yamepangwa kutoka goli hadi goli, na karibu na kona, juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwona.

Lilikuwa lenyewe. Kifungo kimoja cha juu kilikuwa kimekatika, na mahali pake pameshonwa cha rangi ya kahawia. Mama yule alikuwa amevifungua vitatu vya kifuani na ananyonyesha. Mtoto alikuwa mdogo hasa, wa kuhesabiwa wiki. Alipomaliza upande mmoja mama akafunga viwili, akafungua viwili, akamgeuza upande wa pili bila mtu yeyote pale uwanjani kuona chochote. Katika uwanja uliojaa watu wasiojuana, gauni lile lilikuwa ndiyo faragha pekee aliyokuwa nayo.

Mama Kola alikaa naye, wakazungumza. Mume alikuwa ametoka kutafuta kibarua. Maji yaliwachukulia kila kitu isipokuwa mtoto, ambaye usiku ule alikuwa bado tumboni. Mama Kola alimshika mtoto, akambembeleza, akamrudisha. Kisha akaaga na kwenda zake. Hakutaja gauni.

Nyumbani alikaa juu ya meza ya pasi, jambo ambalo mwingine akilifanya humfukuza. Akawaeleza.

"Mpe lingine, kama wengine," alisema mumewe. "Si ndivyo unavyofanya?"

"Lipi? Nyonyeshea sketi basi nikuone. Anahitaji la kufunguka mbele."

"Hatuna la kufunguka mbele," alisema binti.

Gauni la zambarau lilikuwa limening'inia ukutani, nguo pekee nzuri iliyobaki katika nyumba, na halikufunguka mbele wala nyuma. Lilivaliwa kwa kichwa. Wote walikuwa wanaliona na wote walikuwa wanatazama kwingine. Mama Kola alijua kwamba angeweza kumwambia Mwalimu Hesabu kwamba gauni lake halikupatikana, na hakuna mtu duniani angembishia. Maji yenyewe yangekuwa shahidi wake. Alijua pia kwamba tangu siku hiyo angepita chini ya ubao ule akiinamisha kichwa katika nyumba yake mwenyewe.

Akaliteremsha. Akalitandaza mezani juu ya blanketi la matambara, pale pale lilipokuwa siku ya maji.

"Niletee mkasi," akamwambia binti. "Na mkebe wa vifungo."

"Mama, hili ulishonewa wewe."

"Ndiyo maana najua pa kukata."

Akakata kutoka shingoni kwenda chini, moja kwa moja. Kusema kweli moyo ulimuuma. Ulimuuma kiasi kwamba alipofika kiunoni alisimama akavuta pumzi, na mumewe akageuka akaanza kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Binti alimwaga mkebe mezani, vifungo vyote vilivyowahi kuokotwa chini ya meza ile, akaanza kuchagua vinavyolingana. Hakununa tena. Alitafuta vyeupe, akakosa vya kutosha, akachanganya vyeupe na vyeusi kwa zamu, kimoja kimoja, mpaka ikaonekana kama ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Walishona pamoja, mama upande wa matundu, binti upande wa vifungo, na Bibi akawatungia uzi sindanoni kwa kupapasa, akiwashinda wote kwa wepesi.

Yule mama kijana alipoona Mama Kola amerudi na furushi, na kusikia habari ya gauni, alishika kola yake kwa mikono miwili. "Nililikuta kwenye senyenge. Sikuiba, dada."

"Najua. Mwizi ni maji, na maji hayakamatiki. Livae hili kwanza, uone kama linakutosha."

Aliingia hemani, akatoka. Mabega yalikuwa mapana kidogo. Akafungua kifungo cheupe, akafunga, akafungua cheusi. Akakipapasa kile kitambaa, akaangalia mikono ya Mama Kola, yenye alama za sindano. "Hili ni jipya," akasema.

"Lilivaliwa mara moja."

"Na nani?"

"Na mtu mnene kidogo kuliko wewe," alisema Mama Kola. "Mtoto akiacha kunyonya utalipunguza mabega. Kitambaa cha ndani nimekuachia."

Gauni la buluu lilifuliwa, likanyooshwa, likakunjwa. Mwalimu Hesabu alipokuja na "bado" yake mdomoni, alilikuta juu ya meza. Akavaa miwani, akaanza kutoka juu. Alipofika kwenye kifungo cha kahawia kidole kikasimama.

"Hiki si changu."

"Si chako, mwalimu." Mama Kola akamweleza kilikotoka: uwanja, ndoo, mtoto, na yule mama aliyeshona alichokuwa nacho ili gauni la mtu lisikae wazi. Habari ya zambarau aliiruka. Ila binti hakuiruka, aliitamka yote kwa pumzi moja kutoka kwenye kona ya kukunjia, na mama yake alipomkazia macho alikuwa amekwisha maliza.

"Mkasi upo, mwalimu," alisema Mama Kola haraka. "Nikibadilishe sasa hivi?"

Mwalimu Hesabu alikuwa anamtazama, kutoka utosini hadi unyayoni, lile vazi la kazi lililopauka na madoa ya jivu. Kisha akaendelea kuhesabu pale alipoachia, cha pili, cha tatu, mpaka chini. Akavua miwani.

"Kiache," akasema. "Jumla ni ileile."

Akaondoka na gauni lake mkononi. Kuanzia siku hiyo aliliacha pale dukani na kulichukua bila kuhesabu, na waliosoma kwake hawakuamini mpaka walipokuja kuona kwa macho yao.

Kiangazi kikaingia. Tope likawa vumbi, mlango wa nyuma ukapatikana, wa nyumba nyingine lakini uliingia. Mahema yakapungua uwanjani na siku moja mpira ukachezwa tena. Mume wa Mama Kola alipata suruali ya pili, akatembea nayo mtaa mzima.

Asubuhi moja akaingia mama kijana na mtoto mgongoni. Mama Kola alikuwa nyuma anafua, kwa hiyo furushi lilipokelewa na Bibi. Mgeni akaeleza kwamba wamepata chumba, naye amepata kazi kwenye jiko la hospitali, anaanza kesho, na anataka nguo yake inyooshwe vizuri ili aonekane mtu. Bibi akaipapasa shingoni. Akarudia. Akageuza upande wa pili.

"Mkwe," akaita. "Njoo. Hii haina alama. Hii ni ya kwetu."

Mama Kola alitoka akifuta povu mikononi, akaliona. Zambarau, vifungo vyeupe na vyeusi kwa zamu, mabega yamepunguzwa kwa mshono mzuri wa mkono. Mama kijana alikuwa anamtabasamia. Ilikuwa dhahiri hakuwa na haja ya kuambiwa lilikuwa la nani. Huenda alijua tangu siku ile.

"Si ya kwetu, mama," alisema Mama Kola. "Ni ya mteja. Mtie alama."

Bibi aliliweka gauni mapajani. Kisha akavuta kikapu cha nyuzi, akaomba achaguliwe rangi nzuri, akashona ndani ya ile kola ndogo mishono minne iliyozunguka kama ua. Alama hiyo hakuwahi kumpa mtu mwingine.

Mama Kola alilinyoosha mwenyewe. Hakumpa mumewe pasi. Alianza na kola, akaenda mabegani, akapita kati ya kifungo na kifungo kwa ncha ya pasi bila kugusa hata kimoja, akamaliza pindo. Mama kijana akalivaa nyuma ya pazia, maana hakutaka kulikunja, akatoka nalo mlangoni na mtoto wake. Mama Kola alimfuata mpaka kizingitini, akasimama chini ya ubao, shati la kazi likiwa na makunyanzi mpaka mikononi, akitazama kola ile ikipanda mteremko wima kabisa.

Mumewe akaja akasimama kando yake. "Lilipokuwa lako hukuwahi kulinyoosha hivi."

"Lilipokuwa langu," alisema Mama Kola, "zamu yake ilikuwa haijafika."